MATENDE NA MABUSHA: ANAYEJIONA MZIMA NDIYE ANAYEBEBA MBEGU

Katika vijiji vya pwani yetu, tangu Tanga hadi Mtwara, na katika visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, ugonjwa wa matende na mabusha si mgeni. Watu wazima wengi wanamkumbuka mzee aliyekuwa na mguu mnene kama gogo. Wengi wanamjua mwanamume aliyeacha kwenda shamba kwa sababu ya busha. Watu hawa tumewaona. Wengine tumewacheka. Wengine tumewaogopa, hata tukakataa kukaa nao mkeka mmoja.

Leo tuzungumze juu ya ugonjwa huo. Tuanze na jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mara nyingi mzee mwenye mguu uliovimba si yeye anayeeneza ugonjwa. Anayeueneza ni mtu asiye na uvimbe wowote. Analima, anavua samaki, anacheza ngoma, anajiona mzima. Huenda mtu huyo ni jirani yako. Huenda ni mwanao. Huenda ni wewe mwenyewe unayesoma ukurasa huu.

Soma polepole. Kama mnasoma katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwisho wa ukurasa kuna maswali ya kujadili.

UGONJWA HUU NI NINI?

Matende na mabusha huletwa na ugonjwa mmoja. Ugonjwa huo unaletwa na minyoo. Lakini minyoo hawa si wale wa tumboni. Hawatoki katika choo kikubwa. Wanaishi ndani ya mishipa midogo iitwayo mishipa ya limfu.

Mwili wako una mishipa ya damu. Hiyo unaijua. Lakini una na mishipa mingine, nayo ni mishipa ya limfu. Limfu ni majimaji ya mwili. Mishipa hii ni kama mifereji ya shamba. Inakusanya maji yaliyozidi miguuni, mikononi na sehemu nyingine, na kuyarudisha katika damu. Njiani maji hayo hupita katika tezi. Tezi ni kama vituo vya ulinzi. Ziko shingoni, kwapani na kwenye kinena. Zikivimba kwenye kinena, tunasema mtu ana mitoki.

Sasa fikiri mfereji wa shamba ulioharibika kingo zake na kujaa takataka. Maji hayaendi. Yanatuama na kuenea pasipotakiwa. Ndivyo inavyokuwa mwilini. Minyoo wakikaa miaka mingi katika mishipa ya limfu, mishipa hiyo hutanuka na kuharibika. Maji ya mwili hayarudi vizuri. Yakibaki mguuni, mguu huvimba. Hayo ndiyo matende. Yakikusanyika kuzunguka korodani, hilo ndilo busha, ambalo pia huitwa ngirimaji. Wanawake nao hupata ugonjwa huu. Wanaweza kuvimba mguu, mkono, titi au sehemu za siri.

Mnyoo jike ana urefu wa sentimita 8 hadi 10, lakini ni mwembamba kama uzi wa kushonea. Dume ni mfupi zaidi, karibu sentimita 4. Minyoo hawa wanaweza kuishi miaka 6 hadi 8. Katika muda huo jike huzaa watoto kwa mamilioni. Watoto hao ni wadogo mno. Huwezi kuwaona kwa macho matupu, mpaka kwa hadubini. Hao ndio wanaoingia katika damu, na hao ndio mbegu ya ugonjwa.

SAFARI YA MNYOO

Zamani watu hawakujua minyoo hawa wanatoka wapi. Mwaka 1877 daktari mmoja kutoka Uskochi, jina lake Patrick Manson, alikuwa anafanya kazi katika mji wa Amoy, nchini China. Mtunza bustani wake alikuwa na watoto wa minyoo katika damu. Manson aliwaacha mbu wamwume mtu huyo usiku. Kisha akawapasua mbu hao na kuwatazama kwa hadubini. Akawakuta watoto wa minyoo ndani ya mbu, wanakua. Ilikuwa miaka 20 kabla ya Ronald Ross kuonyesha, mwaka 1897, kwamba vimelea vya malaria navyo hukua ndani ya mbu.

Leo safari ya mnyoo inajulikana yote. Ifuate hatua kwa hatua.

Hatua ya 1. Mchana watoto wa minyoo hujificha ndani ya mwili, hasa katika mapafu. Usiku hutoka na kutembea katika damu iliyo karibu na ngozi. Huwa wengi zaidi kati ya saa 4 na saa 8 za usiku. Huo ndio wakati mbu wetu wanauma.

Hatua ya 2. Mbu jike anamwuma mtu mwenye minyoo. Ananyonya damu, na watoto wa minyoo wanaingia tumboni mwake.

Hatua ya 3. Watoto hao wanakua ndani ya mbu kwa siku 10 hadi 14. Hawaongezeki. Wanakua tu.

Hatua ya 4. Mbu huyo anamwuma mtu mwingine. Watoto wa minyoo wanatoka katika mdomo wa mbu, wanaangukia ngozi, na wanaingia mwilini kwa kupitia tundu la mbu.

Hatua ya 5. Wanakwenda hadi katika mishipa ya limfu. Baada ya miezi 6 hadi 12 wamekuwa minyoo wakubwa. Wanaanza kuzaa, na safari inaanza tena.

Hapa kwetu mbu wa aina mbili ndio wanaofanya kazi hiyo. Wa kwanza ni yuleyule anayeeneza malaria. Wa pili ni yule mbu wa majumbani anayezaliwa katika maji machafu, hasa katika vyoo vya shimo na makaro.

Kuumwa na mbu mara moja hakutoshi kukuletea matende. Watu huumwa mara nyingi sana, kwa miezi na miaka. Kwa hiyo ugonjwa huu huwapata hasa wale wanaoishi siku zote mahali penye mbu wengi na watu wenye minyoo.

MBEGU IKO KWA NANI?

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka 6 analala bila chandarua. Mbu wanamwuma kila usiku. Minyoo wanaingia. Mtoto haumwi kitu. Anacheza, anakwenda shule, anakua. Miaka inapita. Anaoa, anapata watoto. Anapofika miaka 30 au 40, mguu unaanza kuvimba. Jirani wanasema, "Ameugua mwaka huu." Sivyo. Aliugua zamani, naye hakujua.

Katika miaka hiyo yote alipojiona mzima, watoto wa minyoo walikuwa wanatembea katika damu yake kila usiku. Mbu walikuwa wanawachukua na kuwapelekea mkewe, wanawe na jirani zake.

Wengi wenye minyoo hawa hawavimbi kamwe. Na wengi waliokwisha kuvimba hawana tena watoto wa minyoo katika damu. Minyoo walikufa, lakini mishipa iliyoharibika haikupona. Nyumba iliyoungua hubaki magofu hata moto ukizimika.

Basi tazama kosa letu. Kijiji kizima kinamnyoshea kidole mzee mwenye matende, na huku mbegu ziko katika damu ya vijana wanaomcheka. Kula na mzee huyo hakuambukizi. Kumshika mkono hakuambukizi. Kukaa naye mkeka mmoja hakuambukizi. Kinachoambukiza ni mbu aliyemwuma mtu mwenye watoto wa minyoo katika damu, na mtu huyo humwoni kwa macho.

Namna ya kumjua ni kupima damu. Zamani wapimaji walilazimika kuja usiku, kwa sababu mchana watoto wa minyoo hawapo karibu na ngozi. Siku hizi kuna kipimo cha tone la damu ya kidole ambacho hufanya kazi saa yoyote.

SI DAFU, SI UCHAWI

Kuna maneno mengi juu ya ugonjwa huu. Tuyapime.

Wengine husema busha linaletwa na kunywa madafu. Si kweli. Mahali penye minazi ni pwani. Pwani kuna joto na unyevu, na mbu ni wengi. Watu wakaona minazi na mabusha pamoja, wakadhani dafu ndilo la kulaumiwa. Kunywa dafu lako bila hofu.

Wengine husema mtu ametegwa, amekanyaga uchawi. Si kweli. Mnyoo huyu anaonekana kwa hadubini. Hana mchawi aliyemtuma.

Wengine husema ni ugonjwa wa ukoo. Si kweli. Ni kweli kwamba unaweza kumkuta baba ana busha na mwana ana busha. Lakini wamelala nyumba moja, wakaumwa na mbu walewale.

Wengine husema unatokana na zinaa. Si kweli. Maneno hayo yamewafanya wagonjwa wengi wajifiche ndani, wasiende hospitali. Na ugonjwa uliofichwa huzidi.

VIDONGE MARA MOJA KWA MWAKA

Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu. Mpango huo ni rahisi kueleza. Katika maeneo yenye ugonjwa, watu wote wanaoruhusiwa wameze dawa mara moja kwa mwaka, wenye uvimbe na wasio na uvimbe. Hapa Tanzania Bara, kisiwa cha Mafia kilianza mwaka huohuo wa 2000. Unguja na Pemba zikafuata mwaka 2001. Baadaye dawa zikaenea katika mikoa mingine.

Dawa zilizotumika ni mbili, zikimezwa pamoja. Moja inaitwa ivamektini. Nyingine inaitwa albendazo. Hazinunuliwi. Zinatolewa bure.

Je, kwa nini mtu mzima ameze dawa? Wewe ni mkulima, utaelewa upesi. Magugu ukiyapalilia kabla hayajatoa mbegu, mwaka ujao kazi ni ndogo. Ukiyaacha yatoe mbegu, shamba lote litaharibika. Dawa hizi huondoa watoto wa minyoo katika damu kwa miezi mingi. Mbu akikuuma hapati kitu cha kubeba. Lakini minyoo wakubwa hawafi wote kwa dawa ya siku moja. Wanaishi miaka 6 hadi 8, na wanaweza kuanza kuzaa tena. Kwa hiyo dawa humezwa kila mwaka, kwa miaka isiyopungua 5, mpaka minyoo wazeeke na kufa bila kuacha mbegu.

Mtu mmoja akimeza peke yake haitoshi. Inatakiwa katika kila watu 100 wa kijiji, wasiopungua 65 wawe wamemeza. Piga hesabu. Kijiji chenye watu 1,000 kinahitaji watu 650 au zaidi kila mwaka. Kijiji chako kina watu wangapi? Watu 650 wakimeza mwaka huu na 300 mwakani, mnyoo anarudi.

Wako wasiopewa dawa hizi mbili. Hao ni wanawake wajawazito, mama aliyejifungua ambaye hajamaliza wiki moja, mgonjwa aliyezidiwa, na mtoto ambaye kimo chake hakijafika sentimita 90. Wagawaji hutumia kijiti cha kupimia kimo ili wajue kila mtu apewe vidonge vingapi. Usimeze vidonge vya mwenzako, wala usimpe mwingine vyako.

USIKIMBIE DAWA KWA SABABU YA HOMA

Sasa tuseme juu ya jambo ambalo limewafanya wengi wakatae. Mtu amemeza dawa akiwa mzima. Kesho yake ana homa, kichwa kinauma, anawashwa, anasikia kizunguzungu. Jirani anasema, "Unaona? Wamekuletea ugonjwa."

Ndugu msomaji, kinyume chake ndicho kweli. Dawa inapoua watoto wa minyoo, mwili hupambana na mizoga yao. Homa na mwasho hutokana na mapambano hayo. Mara nyingi aliyekuwa na mbegu nyingi ndiye anayesikia zaidi. Asiye na mbegu mara nyingi hasikii kitu. Basi homa hiyo inakuambia kwamba ulikuwa na wageni ndani, nawe hukuwajua. Mara nyingi hupita kwa siku moja au mbili. Ikizidi, nenda zahanati upesi, ukaeleze dawa uliyomeza na siku uliyoimeza.

Wengine walisema dawa hizi ni za kuwafanya watu wasizae. Si kweli. Zimetumiwa na mamilioni ya watu kwa miaka mingi, nao wanazaa. Zaidi ya hayo, dawa hizihizi huua minyoo ya tumboni na kupunguza upele. Mama wengi wameona watoto wao wakipata hamu ya kula baada ya kuzimeza.

Katika wilaya nyingi za Tanzania ugawaji umekwisha simamishwa, kwa sababu vipimo vilionyesha kwamba mbegu zimepungua sana. Kama wilaya yako ni moja ya hizo, usisahau kwamba mbu bado wapo. Wapimaji wakija kupima damu za watoto, wapokeeni. Wanatazama kama mnyoo amerudi. Na kama wilaya yako bado inagawiwa dawa, siku ya ugawaji usiende mbali.

MAKUNDUCHI ILITUONYESHA NINI?

Dawa ni mkono mmoja. Mkono wa pili ni kumzuia mbu. Tazama habari ya Makunduchi, kusini mwa Unguja.

Miaka ya 1980 ugonjwa ulikuwa mwingi sana pale. Karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na watoto wa minyoo katika damu. Watafiti walichunguza mbu wanazaliwa wapi. Wakakuta wengi wanatoka katika vyoo vya shimo vyenye maji. Mwaka 1988 wakaanza kumwaga katika vyoo hivyo punje ndogo nyeupe za plastiki nyepesi. Ni zilezile laini zinazowekwa katika sanduku ili redio isivunjike. Punje hizo huelea. Zinafunika maji yote kama blanketi. Mbu hapati mahali pa kutaga mayai, na viluwiluwi vilivyomo havipati hewa. Pamoja na hayo, wananchi walipewa dawa ya minyoo.

Mbu wakapungua sana. Waliokuwa na mbegu katika damu wakashuka hadi karibu mtu 1 katika kila watu 10, na baadaye wakapungua zaidi. Katika kijiji kingine, Moga, watu walipewa dawa bila kuzuia mbu. Huko nako ugonjwa ulishuka, lakini baadaye ukaanza kupanda tena. Ukimeza dawa na kumwacha mbu, umefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Huna punje za plastiki? Bado unaweza kufanya mengi.

Funika tundu la choo kila baada ya kutumia. Kama choo kina bomba la kutoa hewa, weka wavu mwembamba juu yake.

Fukia shimo la choo lisilotumika. Fukia na mashimo ya maji machafu karibu na nyumba. Funika karo na pipa la maji.

Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, wewe na watoto wako. Kichomekee chini ya godoro au mkeka. Chandarua kimoja kinazuia malaria na matende pamoja. Kutumia chandarua kuvulia dagaa au kufugia vifaranga ni kuwaita mbu nyumbani.

ALIYEKWISHA KUVIMBA AFANYE NINI?

Sasa tuzungumze na wewe ambaye tayari una matende. Usikate tamaa. Mguu uliovimba sana hauwezi kurudi kama ulivyozaliwa. Lakini unaweza kuuzuia usizidi. Unaweza kupunguza maumivu, harufu na homa. Dawa kubwa ni maji na sabuni.

Wenye matende hushikwa na homa za mara kwa mara. Mguu unawaka moto, unauma, mitoki inatokea, mtu anatetemeka siku kadhaa. Watu hudhani minyoo ndio wanaouma. Mara nyingi sivyo. Vijidudu vya uchafu vimeingia katika nyufa za ngozi, hasa katikati ya vidole. Mguu wenye mishipa iliyoharibika hauna nguvu ya kupigana navyo. Kila homa inapokuja, mguu unazidi kuwa mnene na mgumu. Ukizuia homa, umezuia matende yasikue.

Fanya hivi kila siku.

1. Tafuta maji safi yasiyo ya moto na sabuni ya kawaida. Sabuni ya mche inafaa.

2. Osha mguu taratibu, kuanzia juu ya uvimbe hadi kwenye nyayo. Osha katikati ya vidole na ndani ya mikunjo ya ngozi. Usisugue kwa jiwe wala brashi ngumu.

3. Suuza mpaka maji yatoke safi.

4. Kausha kwa kitambaa safi kwa kugusagusa. Kausha sana katikati ya vidole. Unyevu ukibaki, ngozi hupasuka.

5. Tazama kama kuna mchubuko, ufa au ukungu. Paka dawa uliyopewa zahanati.

6. Ukikaa, inua mguu juu ya kiti au kigoda. Usiku weka matofali chini ya miguu ya kitanda, upande wa miguuni. Maji yatateremka kuelekea mwilini.

7. Fanya mazoezi. Simama, inua visigino na kuvishusha. Ukikaa, zungusha kifundo cha mguu. Kila unapochezesha mguu, unasukuma maji.

8. Vaa viatu vyepesi visivyobana. Kata kucha vizuri bila kujijeruhi.

Homa ikikushika, pumzika. Inua mguu. Tumia kitambaa chenye maji ya baridi. Kunywa maji mengi. Acha mazoezi mpaka upone. Nenda zahanati upate dawa. Usikubali kuchanjwa chale, wala usiufunge mguu kwa majani ya moto. Kila chale ni mlango mpya wa vijidudu.

Ndugu wa mgonjwa nao wana kazi. Mchotee mzee maji. Mnunulie sabuni. Msaidie kufikia vidole kama hawezi kuinama. Kipande cha sabuni kinaweza kumrudisha barazani kwa wenzake.

BUSHA LINA TIBA

Wanaume wengi hubeba busha miaka 10 au 20 kwa aibu. Hawaendi msikitini wala kanisani. Hawapandi baiskeli. Wengine huacha uvuvi na kilimo, na nyumba nzima inaingia katika umaskini.

Ndugu, busha linaondolewa kwa upasuaji. Daktari hutoa maji na kurekebisha mfuko uliokuwa unayashika. Ni upasuaji unaojulikana sana, na hospitali nyingi hapa nchini huufanya. Haukuondolei uume wako. Wengi waliopasuliwa wamerudi shambani na baharini, na katika ndoa zao.

Usimruhusu mtu akutoboe kwa sindano mitaani. Maji hurudi, na kidonda kinaweza kukuua. Tena, uvimbe wa sehemu hiyo unaweza kuwa ngiri, yaani utumbo ulioshuka. Daktari tu ndiye atakayejua. Mwone mapema, busha likiwa dogo. Na wewe mke, mshawishi mumeo kwa upole. Na wewe kijana, acha kuimba nyimbo za kumdhihaki baba wa mwenzako.

WENGINE WAMEWEZA

Je, ugonjwa huu unaweza kwisha? Ndiyo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Misri na Togo zimeutokomeza usiwe tena tatizo la afya ya jamii. Mwaka 2020 jirani zetu wa Malawi wakafuata. Malawi haina watu tofauti na sisi. Ziwa moja, mbu haohao, wakulima kama sisi. Walimeza dawa mwaka hadi mwaka, wazima pamoja na wagonjwa.

Ndugu msomaji, mtoto anayezaliwa leo kijijini kwako bado hana mnyoo hata mmoja. Akipata minyoo, itakuwa ni kutoka katika damu ya mmoja wetu. Basi siku ya dawa ikifika, usiseme, "Mimi mzima, wape wagonjwa." Meza kwa ajili ya mtoto huyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu asiye na uvimbe anaweza kueneza matende kuliko mwenye uvimbe?

2. Taja sehemu tatu mbu wanakozaliwa katika kijiji chenu. Nani atazifukia au kuzifunika, na lini?

3. Kijiji kina watu 2,000. Wasiopungua wangapi wanatakiwa kumeza dawa kila mwaka?

4. Mtu alipata homa baada ya kumeza dawa, sasa anawaambia wengine wakatae. Mtamweleza nini?

5. Je, kuna mtu katika mtaa wenu mwenye matende au busha ambaye hatoki nje? Kikundi chenu kitamsaidiaje wiki hii?